Hariri ya Gyrid

Jumamosi ya tamasha la Waviking kisiwani Skarvøy, kamati ya mavazi ilifungua lango mapema na kuanza kupekua watu wasiingie na vitu vya kisasa. Saa za mkononi zilivuliwa. Zipu zilizomewa. Mwenyekiti Oddbjørn, daktari wa meno aliyefuga ndevu kwa ajili ya kazi hii takatifu, alikagua kila upindo kuona kama umepigwa cherehani.

Wafu waliozikwa kilimani walipanga foleni kama watu wengine. Walikuwa wametoka kaburini alfajiri, udongo ungali mabegani. Aliyewaongoza ni Gyrid, aliyekitawala kisiwa hicho miaka elfu moja iliyopita.

"Mama, hariri hii nyekundu umeitoa wapi?" Oddbjørn aliuliza.

"Nilizikwa nayo."

"Waviking walivaa kahawia, mama yangu. Wewe nenda kwenye hema la uji."

Gyrid hakuona haja ya kubishana na mtoto. Alikwenda, watu wake wakamfuata.

Hemani Torunn alikuwa anakoroga uji wa malai ya maziwa. Aliletwa kutoka Korea akiwa bado ananyonya, akalelewa na waunda mashua wa kisiwani, na kila majira ya kuchipua ndiye aliyekipaka lami chombo cha makasia cha tamasha. Alichotaka ni kukishikia usukani siku moja tu. Kila mwaka Oddbjørn alimjibu kwa upole, "Si mimi, dada, ni picha. Watalii wamekuja kuona Waviking."

Gyrid alimaliza bakuli la pili, akaitazama mikono ya Torunn, myeusi kwa lami hadi viwikoni.

"Kile chombo cha gatini umekipaka wewe?"

"Mimi."

"Na usukani anashika nani?"

"Daktari wa meno."

"Kwani bahari inaumwa jino?"

Torunn akavua aproni.

Gatini, wafu waliingia chomboni, wakakaa kwenye makasia. Torunn alisimama nyuma, usukani kwapani, akapaza sauti kwa lahaja ya kisiwani, ile ile aliyotukanwa nayo na mama yake alipovunja vikombe. Wafu hawakuwa wameambulia kitu kwenye hotuba za ufunguzi, lakini hiyo waliielewa mara moja. Wakavuta.

"Chombo hicho hakimo kwenye ratiba!" Oddbjørn alitangaza kwa kipaza sauti.

Chombo kilipita katikati ya miamba bila kukwaruzwa, kikakata kona, kikatokea bahari kuu. Wazee wa kisiwa walivua kofia. Mmoja alimwambia mtalii aliyesimama kando yake, "Yule ni wa kwetu," akarudia, kwa kuwa ilikuwa tamu kusema.

Jumatatu kamati ilikaa. Iliwashukuru wafu kwa kuhudhuria, ikawaomba mwakani waje na nguo za kahawia, na ikaamua kwamba usukani utabaki kwa Oddbjørn, naye Torunn atarudi kwenye uji.

Mjumbe alimkuta Torunn ufukweni, anachochea moto chini ya pipa la lami.

"Sawa," alisema Torunn, akauzima moto. "Mwambie Oddbjørn ajifunze kuogelea."