Wapangaji wa Darini

Mimi ni fundi wa mapaa, na tundu nikiliziba limezibika. Ndiyo maana wifi yangu alinipigia simu mimi na si mtu mwingine. Popo walikuwa wamejaa darini, juu kabisa ya kitanda anacholala na mtoto wake mchanga, na harufu ya kinyesi chao ilishinda kila sabuni aliyojaribu. Alitaka watoke wiki hiyo hiyo. La sivyo, alisema, atatoka yeye na mwanawe, arudi kwao.

Mume wake, ambaye ni mdogo wangu, hakutaka kusikia habari hizo. Tunamwita Kabichi kwa sababu ya anacholima. Alinipokea mlangoni ameshika jani bichi lisilo na tundu hata moja, kama wakili aliyeshika ushahidi. Akanieleza kwamba popo hawa wadogo hawana habari na matunda ya mtu. Chakula chao ni nondo, na nondo ndio wanaotaga mayai ya wale viwavi waliomgeuzia shamba lake kuwa chujio kabla popo hawajahamia. Siku hizi bomba lake la dawa limeota kutu. Akanionyesha na mjusi ukutani, karibu na taa, akimnyemelea mbu. Huyu ana zamu ya ndani, akasema, wale wana zamu ya nje, na hakuna anayedai mshahara.

Nikamjibu kuwa mshahara wao analipa mkewe, tena kwa pua.

Mwishowe tulikubaliana. Kabichi alitengeneza sanduku la mbao, akalisimamisha juu ya mlingoti kando ya shamba, akiamini kwamba popo wakikuta mlango umefungwa watahamia huko. Jua lilipozama tukasimama uani kuwasubiri, wifi na mtoto mgongoni, mimi na nyundo yangu. Chini ya ukingo wa bati palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Mmoja akachungulia, akajiachia. Wakafuata wawili, kisha wakamiminika kama mchele gunia linapotoboka, wakageukia shambani, wakikata kona juu ya kabichi mpaka shingo zikatuuma kwa kutazama. Hata wifi alisahau kuziba pua.

Alipotoka wa mwisho, nikapanda. Nilipigilia bati jipya, nikajaza silikoni kila penye mwanya, hata sisimizi angelazimika kubisha hodi. Niliposhuka nilijisifu bila haya. Kabichi alitazama shamba lake. Wifi akaingia chumbani kumlaza mtoto, uso umemchangamka.

Hakukaa. Alitoka blauzi imelowa maziwa kifuani. Nilidhani mtoto amelilia kunyonya, kumbe alikuwa begani kwake, amelala fofofo.

"Wifi," akaniambia, "huko juu kuna watoto."

Tukaingia, tukatega masikio. Kutoka darini ilishuka sauti nyembamba ya vinywa vingi, ikikatika na kuanza tena. Kabichi akabadilika uso. Popo wale walikuwa mama, wamewaacha vichanga wasioweza kuruka, wakaenda kutafuta chakula ili warudi kunyonyesha. Muda wote ule alikuwa akihubiri popo wanakula nini, na hakuna kati yetu aliyejiuliza watoto wao wanakula nini.

Akasema labda tungoje asubuhi, maana giza limeshaingia na ngazi yenyewe si ya kuaminika. Mkewe hakumwacha amalize.

"Fungueni sasa hivi. Kifua kikijaa najua kinavyouma. Wakirudi wakute mlango."

Haya, aliyeniita nizibe ndiye aliyesema hivyo.

Nilipanda mbio, na hapo ndipo nilipoilaani kazi yangu nzuri. Misumari haikutikisika. Silikoni, hata kabla ya kukauka, imenata kama kupe. Kabichi alimulika tochi, wifi alishikilia ngazi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Popo wa kwanza akanipita sikioni, akagusa bati, akageuka. Akaja wa pili, wa tatu, wakawa wanakizunguka kichwa changu, upepo wa mabawa naupata shavuni. Nikawaambia wasubiri kidogo, jamani, kana kwamba tumezoeana. Nikatupa bisibisi, nikachomeka mtaimbo, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Bati langu jipya likakunjika, msumari ukaruka gizani. Kabla sijaondoa mkono, popo akatua juu ya glavu yangu, akatambaa haraka, akaingia. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Nikacheka peke yangu pale juu kwa furaha, machozi yakinitoka.

Tuliporudi chumbani kelele za darini zilikuwa zikififia. Wifi alikaa kitandani akimnyonyesha mwanawe, macho juu. Akatuambia kitanda kihamie sebuleni, na mimi nirudi kuziba ule upenyo popo wachanga watakapoweza kuruka wenyewe. Kabichi akamuuliza kwa uoga kama ile safari ya kurudi kwao bado ipo.

"Anayenyonyesha hatolewi nyumbani," akasema. "Si mimi, si wao."

Basi tukabeba kitanda, mimi mbele, Kabichi nyuma, na yule mjusi wa zamu ya ndani akatukimbia mlangoni.