Pasi Haijisikii

"Mbona ulikuwa unacheka?" mkewe aliuliza, kwa mara ya nne tangu dobi atoke hospitali.

Dobi aliendelea kunyoosha kola ya shati jeupe. Miezi miwili nyuma alikaa siku nne bila kulala, akafua nguo za mtaa mzima bure, kisha akasimama barabarani kuwagawia wapita njia suti za wateja huku akicheka mpaka machozi. Watoto walijifungia chooni. Mkewe alishamwambia wazi: hali ile ikirudi, anawachukua watoto na kwenda kwa mama yake. Daktari aliwaeleza jina la ugonjwa, lakini jina halikujibu lile swali la kicheko.

"Njoo hapa," dobi alisema. "Lowesha kidole."

"Nina vyombo vya kuosha."

"Lowesha tu, mke wangu."

Mkewe akachovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia, akaigusa pasi chapchap, kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote. Tss.

"Ina moto sana hii. Utaunguza shati la watu."

"Pasi yenyewe inajua?"

Mkewe alimkazia macho, akidhani anataniwa.

"Haijisikii," dobi alisema. "Ndivyo nilivyokuwa. Ndani sikuungua. Niliona mimi ndiye mzima, ninyi wote mmelala. Nilicheka kwa sababu ilikuwa raha. Naona aibu kulisema, lakini ilikuwa raha. Sikuwa nawacheka ninyi."

Mkewe alijifuta kidole kwenye gauni, akarudi kwenye vyombo vyake. Dobi akajuta. Kati ya maneno yote, alikuwa amemwachia hilo la raha.

Wiki tatu baadaye, mashati ishirini yalikuwa tayari kabla ya chai. Dobi alipiga mluzi. Angebomoa ukuta, angeweka pasi kumi, angefulia mji mzima, na kabla hajamaliza wazo moja, la pili lilishamtoka mdomoni. Mkewe aliingia na mkoba begani, na dobi alipouona mkoba moyo ulimlipuka.

Mkewe aliuweka chini. Akachovya kidole kwenye bakuli, akamgusa mumewe kwenye kifundo cha mkono.

"Tss," alisema.

Hasira zikampanda dobi. Tusi lilikuwa tayari ulimini, tusi la kuvunja nyumba. Lakini kidole kilikuwa bado kimemgusa, na maji yalimchuruzikia kiganjani.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Niko sawa kabisa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Dobi akachungulia mkoba, akitafuta nguo za watoto. Mlikuwa na kadi yake mwenyewe ya hospitali na shati lake moja, limekunjwa vibaya, mikono imeingia ndani.

"Ngoja basi nilipige pasi."

"Utalivaa hivyo hivyo."

Dobi aliuachia mpini wa pasi. Kisha akachomoa waya ukutani, akalivaa shati na mikunjo yake yote, na mkewe akamsaidia vifungo.