Saa Iliyookolewa Mboghoni

Wayua alihamisha tangi la kuoshea ndizi likakaa ilipokuwa mizani, na mizani ikaenda lilipokuwa tangi. Kazi ilichukua asubuhi nzima, pamoja na ubishi kuhusu bomba la maji. Kufikia mchana ndizi zilipita katika kituo cha kufungashia cha Mboghoni kama mfereji uliozibuliwa.

Alikuwa mzaliwa wa Voi, mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi wa viwanda na usimamizi, na kituo hicho ndicho alichokichagua kwa utafiti wake. Meneja, Bwana Kituku, alikuwa amemwambia kwamba wanawake wa pale ni wavivu. Wayua aliwatazama akaona hawakuwa wavivu, walikuwa wanazungushwa. Kila mkungu ulipita mbele ya mizani kwenda kuoshwa, ukarudishwa kupimwa, kisha ukabebwa tena nyuma kupangwa kwenye kreti. Siku yao iliishia miguuni.

Alasiri hiyo lori lilijaa mapema likaondoka. Saa kumi, ambayo ndiyo saa yao ya kufunga kazi, ilifika lakini haikupita. Mshale wa saa ya ukutani ulizunguka ukarudi palepale. Vivuli vya migomba vilitulia. Saa nzima ilikuwa imeongezeka, na upepo wake na ndege wake.

"Ndiyo tuliyookoa hiyo," Wayua alisema. Alikuwa ametarajia kuiona kwenye jedwali tu.

Gertrude, mwoshaji wa miaka mingi, alifuta mikono kwenye leso akatoka nje. "Iko na baridi kidogo," akasema. "Inafaa kupalilia."

Wakaenda zao. Gertrude alipalilia maharagwe yake. Mwenzake alimsuka binti yake kungali na mwanga, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katikati ya wiki. Wayua alitembea kandokando ya mfereji akicheka peke yake, akampigia msimamizi wake chuoni.

"Daktari, imetokea. Saa nzima."

"Vizuri sana," msimamizi alisema. "Iangalie siku chache kabla hujaandika. Na uhakikishe haijapungua kwa majirani."

Haikuwa imepungua kwa mtu. Ilirudi kila siku. Waendesha pikipiki wa kutoka Mahoo waliipata kidogo walipopita mbele ya lango, wakaendelea na safari. Wayua aliandika kwa furaha hata akasahau kula.

Wiki iliyofuata Bwana Kituku alileta soda, akawashukuru wote, kisha akasema kuna lori la pili.

"La saa ngapi?" Gertrude aliuliza.

"La saa kumi."

"Saa kumi tunatoka, bosi."

"Mnatoka ikipita. Haijapita." Alionyesha ukutani, na kweli haikuwa imepita.

Wayua alisimama. "Bwana Kituku, hiyo saa imetoka kwenye miguu yao. Nina vipimo."

"Hata mimi ninavyo, madam. Imezaliwa ndani ya kituo, ni ya kituo. Na malipo ni ya siku. Siku haijaongezeka."

Wayua alimfuata hadi ofisini, wakabishana mpaka soda zikapoteza ladha. Meneja hakukasirika hata kidogo. Alimwahidi barua nzuri ya kumsifu.

Hayo yote Wayua aliyaandika katika sura ya mwisho, pamoja na lori la pili. Siku ya kutetea tasnifu, watahini waliuliza maswali mengi kuhusu tangi, wakamsifu, wakampitisha. Kuhusu sura ya mwisho walishauri ifupishwe.

Alirudi Mboghoni siku iyo hiyo, hakuweza kungoja. Wanawake walipiga vigelegele mikono ikiwa majini. Alikumbatiwa akalowa mgongo mzima.

"Sasa unaenda wapi, mwanangu?" Gertrude aliuliza.

"Voi, mama. Kiwanda cha katani kimeniita. Kule wanapoteza muda mwingi kuliko hapa." Macho yalimng'aa. "Naona inaweza kutoka hata nusu siku."

"Nusu siku," Gertrude alisema. Aliitafakari kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mzuri wa jirani. "Basi hao wenzetu waambie waje na chakula cha jioni."

Nje, lori la pili lilikuwa linarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Gertrude alikunja mikono ya blauzi, akashika mkungu.