Sahani ya Shangazi

Siku damu ya Shangazi ilipotoa jibu, alikuja maabara amevaa kama anayekwenda kuposa. Kilemba kipya, mkoba, na viatu vya kisigino vilivyokuwa vikimfinya tangu getini. Mlinzi akamuuliza anakwenda kumwona nani.

"Mimi mwenyewe," akajibu. "Nimo humo ndani tangu wiki iliyopita, kwenye kichupa."

Shangazi ni dada wa marehemu baba. Homa ya kuvuja damu ilipopita mtaani kwetu miaka mingi nyuma, ilimchukua mumewe, ikamchukua na jirani aliyesaidia kumwosha. Yeye ilimlaza, ikamwacha. Tangu hapo alikuwa na swali moja, na alilirudia hata akimenya vitunguu: kwa nini mimi? Wapo waliomjibu vibaya, kwamba amekula bahati ya mumewe. Dada yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza virusi vya homa hiyo hiyo, ndiye peke yake aliyemwambia, "Sijui, Shangazi. Lakini naweza kutafuta."

Alichokuwa anatafuta ni walinzi. Mtu akipona, alitueleza, damu hubaki na walinzi wanaomkumbuka adui. Damu za wengine waliopona zilikwisha kupimwa, na walinzi wao walikuwa wamesinzia. Alibaki Shangazi. Kama wake wako macho, watafiti wangeanzia kwao kutafuta dawa.

"Na kama nao wamelala?" Shangazi aliuliza siku ile ya kutoa damu.

"Tutajua wamelala."

"Basi niliachwa kwa sababu homa ilichoka tu." Halafu akamgeukia nesi, aliyekuwa bado anampapasa mkono na sindano yake. "Na wewe mwanangu, unatafuta mshipa au unachimba kisima?"

Nesi alipomaliza, Shangazi aliapa kwamba mkono ule hautaona sindano tena.

Sasa tulikuwa tumesimama mbele ya kioo kinene, mimi, yeye na mkuu wa maabara, mzee mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni. Ng'ambo ya kioo alipita mtu mnene ajabu, mweupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na bomba limemning'inia kutoka darini.

"Yule aliyevimba ni nani?"

"Dada huyo," nikasema.

"Wanamlisha nini humo?"

Ilikuwa hewa. Vazi lile hujazwa hewa ili hata likitoboka, virusi visukumwe nje badala ya kuingia. Hewa hiyo huvuma masikioni, kwa hiyo aliye ndani hakusikii, nawe humsikii. Wala hakuna kinachotoka chumbani kirahisi, hata karatasi. Ndiyo maana tuliitwa kioo­ni, tuonyeshwe kwa macho.

Mkuu akaeleza. Kwenye sahani ndogo ya plastiki huoteshwa seli, zikapakwa rangi ya zambarau. Virusi vikizila, hubaki matundu meupe, kama nguo iliyoliwa na mende. Damu ikivizuia, zambarau hubaki nzima.

Dada akaja kioo­ni, akainua sahani. Matundu matupu.

Shangazi akakaa kwenye kiti cha ukutani, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Chekeche," akasema polepole. "Kumbe mimi ni chekeche."

Mkuu alikuwa anaitikisia ile sahani kichwa kwa furaha, kama mtu aliyeletewa chai. Ndipo alipoziona nyuso zetu.

"Mama, hiyo si yako," akasema. "Samahani sana. Hiyo haina damu ya mtu yeyote. Sisi hutangulia kuonyesha hiyo, ili ijulikane kwamba virusi vilikuwa hai na vina njaa. Huyu binti hairuki hata siku moja."

"Hairuki hata kwa shangazi yake?"

"Hata kwa shangazi yake."

"Atanikuta nyumbani huyu," Shangazi akasema, na tayari alikuwa amesimama peku, pua imegusa kioo.

Dada akainua sahani ya pili. Zambarau. Zambarau toka ukingo hadi ukingo.

"Matundu yako wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Hebu tazameni vizuri."

"Hakuna."

Akanitazama mimi, mimi nikamtazama Dada, na Dada, ndani ya puto lake, akaanza kucheza. Alicheza kama godoro lililoshikwa na mapepo. Bomba likamzunguka mara mbili, mwenzake akaja kumfungua, naye akaambukizwa kukata kiuno. Upande wetu Shangazi alimfuata hatua kwa hatua, kilemba kikiwa shingoni. Mkuu alisema kwamba hiyo ni sahani, si mtu, na kutoka hapo hadi dawa ni safari ndefu, nyingi huishia njiani.

"Safari ndefu si neno," Shangazi akamwambia. "Viatu nimeshavua."

Niliona midomo ya Dada ikienda. Alikuwa anaimba. Jioni ile tulicheka sana hata nikasahau kumuuliza ni wimbo gani. Sasa Dada ametangulia mbele ya haki, moyo ulimsimama ghafla, hauhusiani na kazi yake, na Shangazi kila nikimtembelea hunitajia wimbo mwingine, na kila mara ana hakika nao.

Siku ile aliomba apewe sahani yake akaitundike sebuleni. Mkuu akasema haiwezekani, itapitishwa kwenye mvuke mkali kisha ichomwe.

"Mnaichoma? Na mkihitaji nyingine?"

"Tutahitaji nyingi, Mama. Ila tulisikia uliapa."

Shangazi akatembea peku hadi chumba cha nesi, akakaa, akakunja mkono wa gauni, akaulaza mkono mezani.

"Chimba," akasema.