Nondo za Kusimama

Mimi Gratien ndiye niliyechagua. Mkurugenzi alisema tu, "Tafuta kitu cha kuzuia hizi fujo," akarudi ofisini kwake. Kwa hiyo asitafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa.

Ilikuwa mwaka 1992, katika kiwanda chetu cha sabuni hapa Kigali. Kila Jumamosi mchana wafanyakazi walipewa miche miwili ya sabuni kwenye dirisha la ghala, na kila Jumamosi walinitia wazimu mimi msimamizi wao. Vijana waliruka kamba ya foleni na kuwakanyaga wanawake. Basi fundi Niyonzima wa Kimironko akaniletea vipande viwili vya uzio wa chuma nichague. Kimoja nondo zake zililala, zimeachana. Kingine zilisimama, zimebanana.

Mama Béatha, aliyefunga sabuni kwenye makaratasi, alikuja kutazama bila kuitwa. Alikuwa na mwili mdogo na mdomo mkubwa.

"Shefu, chukua hii ya kulala. Mutu akifinywa, anainama, anapita katikati."

"Na vijana waipande kama ngazi? Sema tu, Mama, unataka kupenya ufike wa kwanza!"

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini alizishika zile nondo za kusimama akazitikisa. "Hii iko kama gereza," alisema.

Niliagiza za kusimama, kushoto na kulia kwa foleni, mpaka dirishani. Jumamosi mbili foleni ilinyooka, hakuna aliyeruka, na mkurugenzi akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilivimba kichwa, nakiri.

Jumamosi ya tatu tairi la lori lilipasuka uani. Mwaka ule wa vita nani angengoja kuuliza kama ni tairi au bomu? Wa nyuma walisukuma ili waingie ghalani, na wa mbele hawakuwa na pa kwenda. Mama Béatha alibanwa kwenye uzio, uso wake ukinielekea mimi niliyekuwa nje. Nilipenyeza mkono kati ya nondo nikaushika wake. Mkono ulipita. Nikavuta, nikavuta, mjinga mimi, na mabega yake yamekwama pale pale.

"Shefu," aliniita, mara moja tu, bila hasira. Hilo linaniuma mpaka leo. Afadhali angenitukana.

Tulipofanikiwa kuwaondoa watu wa nyuma, alikuwa hapumui tena.

Jumatatu nilimwita Niyonzima, nikamwambia akate nondo, aache mahali pa kutokea.

"Upana gani, shefu?"

Nikamwonyesha kwa mikono miwili.

Aliitazama mikono yangu, akatikisa kichwa. "Hiyo iko ndogo sana. Mutu mukubwa hawezi kupita."

Alisema kweli. Nilikuwa nimempimia Mama Béatha.