Ukuta Mmoja, Vipimo Viwili

Zipu ya jaketi ilikuwa imeng'oka meno matatu, na Mama Zipu alikuwa ameibana kwa koleo aliposikia jirani yake akifunga mlango.

"Kaka Brashi! Nisubiri twende wote!"

"Fanya haraka basi," fundi rangi alijibu kutoka nje. "Leo ndiyo mwisho wa pingamizi. Ukichelewa hawana habari na wewe."

Mama Zipu alimwachia mama mkwe wake chai pembeni ya godoro. Miguu ya bibi huyo ilikuwa imegoma tangu mwaka jana, lakini mdomo ulikuwa mzima.

"Waambie nyumba hii mwanangu aliijenga kwa mikono yake," alisema. "Wakikujibu ovyo, waje waongee na mimi."

Ni kweli aliijenga. Marehemu mumewe na Brashi walichangiana tofali wakajenga vyumba vyao mgongo kwa mgongo, ukuta wa katikati ukawa mmoja. Miaka mitatu nyuma, kalavati la zamani, lile bomba la kupitisha mto chini ya barabara, liliziba, na maji yakawafika magotini pande zote mbili. Wiki moja baadaye wakaja watu wa misaada. Magodoro, walisema, ni kwa nyumba ambazo maji yalipita kiuno. Mama mkwe alikuwa analala kwenye sakafu iliyolowa. Mama Zipu akachukua tope, kitambaa na futi yake ya kushonea, akachora mstari usawa wa kifua, mnyoofu kama pindo la gauni la harusi. Karani akapima, akapiga picha, akaandika kwenye fomu: sentimita mia moja ishirini na tano. Kwa Brashi, ambaye hakujua kutia chumvi, akaandika hamsini. Brashi alikosa godoro, na hata siku moja hakumsema jirani yake kwa mtu.

Sasa jiji limeweka kalavati jipya, kubwa, na linachora upya ramani ya bonde la mafuriko. Badala ya kuja kupima, wakubwa walifukua fomu zilezile za misaada, wakatoa sentimita sitini kwa kila nyumba, eti ndizo zinazomezwa na kalavati jipya. Nyumba isiyobakiwa na kitu iko salama. Inayobakiwa na chochote iko bondeni, na itavunjwa bila fidia. Kwa Brashi hakikubaki kitu. Kwa Mama Zipu zilibaki sitini na tano.

Walipanga foleni mpaka saa saba. Afisa wa mipango miji alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na mbele yake palikuwa na cheti cha Brashi cha nyumba salama, kimekamilika, bado muhuri tu.

Mama Zipu alipiga moyo konde. "Mheshimiwa, nilidanganya. Maji yalifika gotini. Ule mstari niliuchora mwenyewe."

Afisa aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo uliidanganya serikali upewe godoro."

"Mama alikuwa analala chini."

"Na leo unadanganya ubaki na nyumba. Nitajuaje?"

"Njooni mpime!"

"Tupime nini, mama? Maji si yalishaondoka?"

Watu wawili kwenye foleni walicheka. Mama Zipu alijisikia kama amevuliwa nguo. Ndipo Brashi alipojisogeza mpaka mezani.

"Mimi ni shahidi. Ukuta wetu ni mmoja. Maji hayawezi kuwa gotini kwangu na kifuani kwake. Haiingii akilini!"

Wakati ule Mama Zipu alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Afisa aliziweka fomu mbili pamoja, akazitazama, akatabasamu. "Umesema kweli kabisa. Hili ni kosa letu, na nitalirekebisha sasa hivi." Aliokota kalamu. "Kanuni inasema vipimo vikigongana tunachukua kikubwa. Ni kwa usalama wenu. Kwa hiyo na wewe unakuwa mia moja ishirini na tano. Niandike?"

Kalamu ilisimama juu ya cheti. Brashi ana mke, ana wazazi wawili wazee ndani ya chumba kile.

"Siku zile nilikuwa na homa," alisema. "Sikuangalia vizuri. Labda... labda kwake palikuwa na shimo."

"Palikuwa na shimo," afisa alirudia huku akiandika. Akagonga muhuri kwenye cheti.

Mama Zipu alishindwa kumchukia Brashi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Afisa akamsogezea karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kukiri udanganyifu: inakwenda polisi, na nyumba inavunjwa vilevile, kwa kuwa ramani haiguswi mpaka mapitio yajayo. Ya pili ni ya kuridhia: siku kumi na nne za kuhamisha vitu.

"Chagua, mama. Wenzako wanasubiri."

Alitia sahihi ya pili.

"Lakini kalavati letu mmeliona?" afisa aliuliza, akiziweka fomu kwenye faili. "Zuri, au siyo?"

"Zuri," alisema Brashi.

Walirudi kila mtu na upande wake wa barabara. Nyumbani, mama mkwe alipouliza, Mama Zipu alimwambia wanalishughulikia. Akaketi kwenye cherehani, akalichukua lile jaketi, akaliweka tena chini.

Jua lilikuwa halijazama msumeno ulipoanza upande wa pili, kisha nyundo. Alijua mara moja. Brashi anaweka mihimili, ili upande wake ubaki umesimama siku watakapokuja kuangusha huku.

"Jirani anafanya nini?" mama mkwe aliuliza.

"Anaimarisha ukuta, mama."

"Mtu wa maana sana yule, tangu enzi za mwanangu." Bibi alijigeuza kwenye godoro taratibu. "Mwambie akimaliza kwake, aje afanye na huku kwetu."