Wa Saba wa Toledo

Timu ya Korongo wa Omaha ilikuwa na kila kitu isipokuwa wachezaji. Ilikuwa na jezi nyekundu zenye mistari ya kijivu, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na tiketi elfu nane zilizokwisha nunuliwa na watu wasiojua wanakwenda kumtazama nani. Ilikuwa hata na korongo mwenyewe: mtu mzima na akili zake, aliyeajiriwa tangu Agosti kuvaa manyoya, mdomo mrefu wa sponji na jezi namba nne. Kila asubuhi alijizoesha kuruka kwa mguu mmoja katika uwanja mtupu. Verna Novak, meneja mkuu, alipopita kuelekea ofisini, ndege yule alimpungia bawa, naye akamwitikia kwa kichwa, kwa uso wa mtu anayesalimiwa na shida zake.

Katika chumba cha kubadilishia nguo yalikuwapo makabati kumi na mawili, na juu ya kila kabati kibao kitupu. Vibao hivyo vilitakiwa kupata majina siku hiyo, Ijumaa ya kwanza ya Desemba.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza na mgumu kumeza. Ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake inapozaa timu mpya, kila moja ya timu kumi na mbili za zamani huandika majina ya wachezaji sita isiotaka waguswe. Waliobaki huachwa wazi, kama vyombo vilivyotolewa uani siku ya kuhama, na timu mpya hupita nyumba hadi nyumba ikichukua mmoja mmoja. Mchezaji mwenyewe haulizwi. Tena, mpaka jina lake lisomwe kwenye televisheni, ni marufuku kuzungumza naye. Ukimpigia hata kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, ligi inakushukia. Kwa hiyo kwa wiki nzima Verna alikuwa amezungumza na kila mtu nchini isipokuwa wale aliokuwa akiwazungumzia.

Na hao aliozungumza nao walikuwa wamemchosha roho. Meneja wa Spokane alimsifia mlinzi wake mwenye nyonga mbovu kwa robo saa nzima, lakini alipoulizwa mbona basi hakumweka kwenye sita wake, simu yake ikaanza ghafla kukatika. Wa Louisville alimsihi asimchukue mchezaji fulani, kwa sauti ya mtu anayeomba mchezaji huyo achukuliwe hata usiku huohuo. Wa Boise hakusema lolote. Alituma sanduku la viazi vya kwao, bila barua. Na tajiri mwenye timu, ambaye utajiri wake wote umetokana na nyama ya kugandishwa, alikuwa akipita kila baada ya saa moja kuuliza kama haiwezekani kuchukua nyota sita wa timu moja badala ya kuhangaika na timu zote. Verna alikuwa amemweleza mara nne. Mara ya tano alimpa viazi.

Kufikia saa tano asubuhi majina kumi na moja yalikuwa tayari. La kumi na mbili lilitakiwa lifike makao makuu ya ligi kabla ya saa sita. Lilikuwa la Toledo.

Orodha ya Toledo ilipofika mwanzoni mwa wiki, Verna alidhani mchapaji amekosea. Miongoni mwa walioachwa wazi alikuwamo Tyesha Mabry, mlinzi, umri miaka thelathini na mitatu, nahodha kwa misimu tisa. Kabla ya Omaha, Verna alikuwa kocha msaidizi wa Toledo kwa miaka kumi na mmoja. Yeye ndiye aliyemgundua Tyesha katika chuo kidogo cha Arkansas, akicheza kwenye uwanja wenye paa linalovuja. Yeye ndiye aliyemfundisha kutumia mkono wa kushoto, na msichana alipopasuliwa goti, yeye ndiye aliyelala siku tatu kwenye kiti cha hospitali. Badala ya nahodha huyo Toledo walikuwa wamemlinda msichana wa Lithuania, wa miaka kumi na tisa, ambaye hajawahi kuikanyaga Ohio, jimbo la Toledo, hata kwa bahati mbaya.

Hollis, mtu wa takwimu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa upande wa pili wa meza akila mkate uliojazwa nyama na kabichi, huku akiukinga kwa mkono usimwagikie makaratasi. Verna alimuuliza kwa mara ya mwisho namba zinasemaje.

"Zinasema mchukue," alisema Hollis. "Katika wote walioachwa wazi ni wa tatu kwa ubora, goti na kila kitu. Ila namba zangu hazijawahi kulala kwenye kiti cha hospitali. Kwa hiyo sikusukumi."

Simu ikalia. Alikuwa Everett Stancil, meneja wa Toledo, bosi wake wa zamani, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu aliyetoka kunyolewa. Aliuliza habari za baridi. Aliuliza habari za korongo. Kisha akasema alitaka tu kumshukuru mapema.

"Kunishukuru kwa lipi?"

"Kwa Tyesha. Nilijua wewe huwezi kumgusa, Verna. Ana nyumba hapa, ana mama yake, na akistaafu tutaipandisha jezi yake namba nne juu ya uwanja, isivaliwe tena. Timu nyingine yoyote mpya ningeogopa. Wewe sikuogopa."

Verna aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Ilimchukua muda kuelewa alichosikia. Mtu yule alikuwa amewalinda sita kwa karatasi, na wa saba kwa moyo wa Verna.

"Na yeye mwenyewe umemwambia nini?" aliuliza.

"Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu wa kwenye karatasi. Anaelewa. Ni mtu mzima."

"Everett, umemweka nahodha wako nje ya mlango, halafu unanipa mimi kazi ya kumfunikia blanketi."

Everett akacheka kidogo, kisha alipoona anacheka peke yake akaacha. Akaongeza ahadi, ili asimguse Tyesha: Toledo ingempa zamu yake ya duru ya pili ya kuchagua wachezaji wapya, miaka mitatu ijayo. Verna alipiga hesabu. Mchezaji huyo wa miaka mitatu ijayo wakati huu alikuwa darasani mahali fulani, akiumwa tumbo kwa ajili ya mtihani wa jiografia. Alimjibu kwamba atafikiri, akakata simu, akamwambia Hollis maneno kadhaa juu ya Everett ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Zilibaki dakika ishirini na tano.

Kila alipoalikwa mahali, Verna alikuwa na kisa chake cha kuchekesha watu. Miaka ishirini na miwili nyuma, akiwa mchezaji, alichukuliwa na timu mpya kwa utaratibu huuhuu, na habari alipewa na mwanamke wa dukani, aliyekuwa amemshikia bata mzinga wake wa kugandishwa. "Dada, nasikia unatuhama," mwanamke alisema, akampa pole na risiti. Verna alimwacha bata juu ya kaunta, akaenda kulia kwenye maegesho. Watu walicheka sana hapo kwenye bata. Naye kila mara alimalizia kwa kuapa kwamba yeye hatamfanyia mtu unyama ule.

Sasa, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani, alikipitia tena kisa hicho taratibu, kama mtu apekuaye mfuko wa koti la zamani, na akakuta kitu ambacho hakuwahi kukisimulia. Alilia kabla ya hapo. Alilia wiki nzima kabla, tangu siku aliposikia orodha ya sita wa timu yake ikisomwa kwenye redio, akahesabu mpaka sita, akaendelea kusubiri. Siku ya bata mzinga, katika watu wote waliolitaja jina lake mwezi ule, ni wale wageni tu, wa mji asioujua, waliolitaja kwa kumtaka.

Kisa hicho alikuwa akikisimulia vibaya kwa miaka ishirini na miwili, tena kwa mbwembwe.

"Tuna mwingine wa Toledo?" aliuliza, ingawa alijua.

"Yule mrefu," alisema Hollis. "Yule ambaye pasi humgonga kifuani kabla hajaiona."

Saa sita kasoro dakika nne Verna alituma jina.

Jioni, saa kumi na mbili, ukumbi wa chini ulikuwa umejaa wenye tiketi wakitazama televisheni kubwa huku korongo akirukaruka katikati yao. Verna alibaki ofisini juu, nyuma ya kioo. Jina la Toledo lilisomwa la mwisho. Watu walipiga kelele; sasa marufuku ilikuwa imekwisha, na Verna akapiga simu, akikosea namba mara mbili.

Simu ililia muda mrefu.

"Kocha," alisema Tyesha.

"Tyesha."

"Niko ndani ya gari, nje kwangu. Mama yuko sebuleni anatukana. Ameanza na Everett, wewe ni wa pili."

Verna alisema anastahili. Tyesha alisema hilo halina ubishi. Kisha akafunguka, na kwa dakika kumi Verna hakupata pa kuingilia. Alisema mwanawe alikuwa ndiyo kwanza amepata marafiki. Alisema ana kwaya. Alisema amekaa miaka tisa na fundi mmoja wa nywele, na je, kocha ana habari ni kazi kiasi gani kumpata fundi wa nywele?

"Nitakutafutia."

"Wewe? Kwa kichwa chako hicho?"

Verna alijipapasa kichwa.

"Everett alinipigia jana," Tyesha alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Kasema nisihofu, wewe huwezi kunichukua. Nikakaa nikawaza, kwani nimechakaa kiasi hicho?" Akavuta pumzi. "Ulitaka kuniacha?"

"Asubuhi, ndiyo. Nilidhani nakuonea huruma."

Upande wa pili mlango wa gari ukafunguliwa na kufungwa, kisha sauti ya mama, kwa mbali, ikiendelea na orodha yake.

"Namba nne ina mtu?" aliuliza Tyesha.

Verna alitazama chini kupitia kioo. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya meza, namba nne ikimpwaya mgongoni, watu wakimpigia makofi.

"Haina," alisema.

"Basi isiguswe. Sijasema nakuja. Nimesema isiguswe."

Simu ikakatika. Verna alishuka ngazi, akapenya katikati ya watu, akimpungia ndege ashuke, na korongo alipomwona anakuja ameinua mkono, akadhani hatimaye anasalimiwa.